Sababu: Gundars

Mimi ndiye niliyeyatupa.
Niseme hivyo mwanzoni, kabla sijaanza kujitetea:
makopo kumi na moja, ya kahawa, ya njegere,
yamefungwa kwa waya kwenye nguzo za uwanja wa shule,
kila moja na kitundu kama jicho la sisimizi,
na wakaguzi wanakuja Jumatatu.
Theluji nilishaizoa. Chumvi nilishaimwaga.
Taka ni taka, nikasema, nikaenda kutafuta koleo.

La kumi na mbili lilisalia juu, kwenye mfereji wa paa la ukumbi,
wala si kwa huruma.
Goti langu la kushoto halipandi ngazi mwezi wa Januari.

Mwalimu Skaidrīte hakufoka.
Angefoka, ningejua pa kuweka mikono.
Ni Vizma, wa darasa la sita,
yule ambaye glavu yake ya pili daima imesahauliwa mahali,
aliyenifuata hadi chumba cha boila na daftari lake.
Uliyatoa tarehe ngapi? Saa ngapi? Yote kwa mkupuo?
Nikajibu kama niliye kizimbani.
Akaandika. Nikachungulia:
*Januari 14. Makopo 11 hayapo. Sababu: Gundars.*

Nikamsihi alifute jina.
Akanitazama kama niliyemwomba aibe.
"Hatufuti," akasema. "Kosa nalo ni kipimo."

Ndipo nikaelezwa.
Ndani ya kopo mna karatasi ya picha, imejikunja gizani,
na jua likipita hupenyeza kidole tunduni
likachora mstari. Siku moja, mstari mmoja,
tangu siku fupi kuliko zote hadi ndefu kuliko zote.
Miezi sita ya kungoja tu,
na ya kutoguswa na mtu mwenye koleo.

Basi nikawa mlinzi wa kopo moja.
Nilifukuza kunguru. Niligombeza mpira.
Aprili, mji mzima wa Kuldīga ulipoteremka mtoni Venta
kutazama samaki wakiruka maporomoko,
mimi nilisimama uani, shingo imepinda,
nikitazama bati.

Juni goti hupanda.
Tulilifungua stoo, pazia limeshushwa,
vichwa kumi na tisa juu ya karatasi moja
yenye rangi ya jeraha linalopona:
matao juu ya matao,
kila moja limeipita jana kwa unene wa unywele,
na chini kabisa, jeusi, paa la duka la mikate.
Pembeni doa; maji yaliingia.
Na kati ya matao, mapengo.

"Mawingu," akasema Jorens. "Lakini ya siku zipi?"
Hakuna aliyejua.
Nikatoka bila kuaga, nikarudi na kitabu changu cha boila:
majira kumi na tisa ya baridi, kila asubuhi,
magunia ya kuni, nyuzi za baridi,
na neno moja kuhusu anga
ambalo hakuna bosi aliyewahi kuliomba.
Mtu anayekaa na moto peke yake
hutafuta cha kusema.

Vizma akaweka rula.
Pengo likatafuta tarehe, tarehe ikapata pengo,
mara nyingi, si mara zote.
Siku tatu za Machi zilikataa katakata:
mimi niliandika *jua*, karatasi inasema halikuwapo.
Ralfs anadai theluji iliziba tundu.
Vizma anadai nilijaza kitabu bila kuchungulia nje.
Mimi sikumbuki.
Wameyaandika yote matatu.

Sasa ni Desemba, na kwenye baraza yangu, ghorofa ya tatu,
kuna kopo la njegere limetazama kusini.
Bibi Ausma wa jirani ameuliza kama ni antena.
Nimelibandika karatasi: SI TAKA.
Chini yake tarehe, chini ya tarehe jina langu.
Safu ya sababu
nimeiacha wazi.